Tutafute Sauti Inakotoka Kabla ya Kumtaja Adui

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wapenzi wa chama, Kariakoo, Dar es Salaam)



Tumeombwa tuseme nanyi jioni ya leo juu ya jambo lililousumbua mtaa wetu kwa muda wa wiki tano. Wengi wenu mwalijua nusu yake. Nusu ya pili hamjaisikia, na hiyo ndiyo iliyotuleta mbele yenu, kwa sababu ni nusu yenye aibu, na aibu hiyo ni yetu sisi tuliopewa kazi ya kuliongoza tawi. Hatutaificha.

Jambo lenyewe lahusu redio. Mzee wetu mmoja, ambaye nyote mwamjua kwa baraza lake la kahawa, ana redio ya betri ya zamani yenye masafa ya kati, yaani yale masafa ambayo juu ya redio huandikwa AM au MW. Ijapokuwa watu wengi siku hizi husikiliza FM na simu, mzee huyu hakuiacha desturi yake. Kila usiku baada ya sala ya isha huzungusha kitufe polepole akitafuta stesheni za mbali, na wazee wenzake humzunguka. Basi usiku mmoja redio ikaanza kunguruma. Ilikuwa sauti nzito ya kukwaruza, mfano wa nyuki waliofungiwa ndani ya debe, nayo ikafunika stesheni zote tangu mwanzo wa masafa hata mwisho. Toka siku hiyo ikawa yaanza magharibi na kunyamaza alfajiri.

Ndugu, mtaa ukikosa habari hutunga habari. Siku ya tatu likatoka neno. Mwamjua yule kijana fundi simu aliyetoka bara na kupanga chumba cha mbele katika nyumba ya jirani. Meza yake imejaa nyaya, visanduku na taa ndogo zinazometameta. Wengine wakasema ana mtambo wa kuiba fedha katika simu za watu. Wengine wakasema ametumwa na watu wa nje kupeleleza. Wateja wake wakapungua. Mwanawe akaitwa mtoto wa jasusi mbele ya wenzake wakichezea kibarazani. Mwenye nyumba naye akampa notisi ya kuhama.

Na sisi je? Sisi hatukuuliza swali lolote. Tulilichukua neno hilo tukalirudia barazani, na kwa kuwa sisi ni viongozi wa tawi, neno likapata uzito ambalo halikuwa nao. Hilo ndilo kosa letu la kwanza.

Hatusemi ya kwamba wazee walikuwa wajinga kwa kushuku. Wana sababu. Katika mji huu redio imepata kuwa silaha. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951 chini ya serikali ya kikoloni, na mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Lakini mwaka 1954, mwaka ule ule ilipozaliwa TANU tarehe 7 Julai, Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili, na watu wa pwani wakakusanyika migahawani kusikiliza maneno ambayo mkoloni hakupenda yasikiwe. Baada ya Uhuru ikaja zamu yetu. Mwaka 1965 lile shirika la zamani likageuzwa kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na katika matangazo yake ya nje wapigania uhuru wa Msumbiji, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini wakapewa nafasi ya kusema na watu wao. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake hapa hapa mjini tangu mwaka 1963 hata ilipomaliza kazi yake mwaka 1994.

Adui naye hakulala. Ian Smith alipowatangazia walowezi wenzake uhuru wa bandia tarehe 11 Novemba 1965, Waingereza walijenga haraka kituo cha masafa ya kati mjini Francistown, katika nchi ambayo leo ni Botswana, ili BBC isikike Rhodesia. Serikali ya Smith ikakifunika kituo hicho kwa makelele ya makusudi. Afrika Kusini nako serikali ya makaburu ilieneza redio za FM, na moja ya faida aliyoiona mtawala ni kwamba mawimbi hayo hayafiki mbali, hivyo mwenye redio ya FM peke yake hasikii sauti ya ndugu zake walio ng'ambo. Kwa hiyo mzee anapoisikia redio yake ikinguruma, akakumbuka adui, tumheshimu. Anakumbuka jambo lililotokea kweli.

Lakini kukumbuka si kuchunguza. Makelele ya adui yana alama zake. Humwandama msemaji mmoja. Hukaa juu ya stesheni ile isiyotakiwa kusikiwa, na stesheni ikihama nayo huhama. Huanza kipindi kinapoanza, na hukoma kipindi kikiisha. Kelele yetu haikuwa hivyo. Ilifunika wote, wa dini na wa muziki, wa Kiarabu na wa Kiswahili, na hata mahali pasipokuwa na stesheni yoyote. Ni jasusi gani huyo anayepoteza nguvu zake kupigana na mahali patupu? Swali hilo lilikuwa mbele ya macho yetu tangu siku ya kwanza, nasi hatukuliona.

Sisi tuliopitia chuo cha ualimu tulifundishwa kutomhukumu mtoto kwa kelele za darasa, bali kutazama ni dawati gani linalopiga kelele. Tulipoona mambo yanakuwa mabaya, tukarudi kwenye fundisho hilo. Tukamwendea mzee, tukamwomba atuazime redio. Akatutazama, akasema, "Wanangu, niliwangoja mje tangu juma la kwanza. Nilidhani mmekwisha kujua." Maneno hayo yalituchoma.

Kwanza tulinunua daftari. Kwa usiku saba tuliandika saa ya kelele kuanza, saa ya kukoma, na jambo lolote lililotokea mtaani. Daftari hilo lilitufunza mengi kuliko baraza zima. Kelele ilianza kila jioni kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro robo. Fundi hufungua saa mbili asubuhi na kufunga saa moja usiku, bali kelele iliendelea mpaka alfajiri. Usiku wa nne fundi alikuwa Morogoro kwenye msiba, na kelele ilikuwapo vile vile. Usiku wa sita umeme ulikatika mtaa mzima. Saa ile ile redio ya mzee, ambayo yatumia betri, ikawa safi kama maji ya kisima. Umeme uliporudi, nyuki wakarudi ndani ya debe.

Basi hapo tukajua mambo mawili. Kelele ilitoka katika kitu kinachokula umeme wa mtaa wetu, wala haikutoka nchi ya mbali. Tena ilikuwa kitu kinachofuata giza, si mtu.

Jambo la pili tulilofanya ni kwenda Magogoni. Msicheke. Mtu asiyejua redio safi husikikaje hawezi kuipima redio chafu. Tuliteremka usiku mpaka karibu na kivuko, tukatafuta mahali kando ya bahari palipo mbali na nguzo na taa, tukaifungua. Stesheni za mbali zikaja moja baada ya moja. Tulisikia pia miluzi myembamba na sauti mbili zikipandana, tukataka kusema, "Hata huku wamefika!" Lakini hiyo ni tabia ya usiku. Mchana jua huliwasha tabaka la chini la anga ya juu, nalo humeza mawimbi ya masafa ya kati. Jua likizama tabaka hilo hufifia, mawimbi yakapanda hata tabaka la juu zaidi, yakarudishwa chini mamia ya maili mbali. Katika Afrika masafa haya yamepangwa tangu kilohezi 531 mpaka 1602, na kila nafasi imeachana na mwenzake kwa kilohezi 9. Stesheni ni nyingi kuliko nafasi, kwa hiyo usiku zagongana, na mbili zikiachana kidogo tu mwazisikia zikipiga mluzi. Mluzi huo hauna mwenye kulaumiwa. Tukarudi Kariakoo tukijua lipi ni la anga na lipi ni la mtaa.

Jambo la tatu, tulianza na nyumba ya mzee mwenyewe. Redio ikiwa kwenye betri, tukazima meni swichi ya nyumba. Kelele ikabaki. Basi haikuwa ndani mwake. Tukafanya hivyo katika nyumba sita nyingine kwa idhini ya wenyewe, na tunawashukuru mama waliokubali kukaa gizani dakika mbili kwa ajili ya kazi hii.

Jambo la nne ndilo lenye ufundi, na twawaomba vijana walishike. Ndani ya redio ya masafa ya kati mna kijiti cheusi cha feraiti kilichozungushiwa waya mwembamba, nacho hulala kwa urefu wa redio. Kijiti hicho ndicho sikio lake. Sauti ikikipiga ubavuni, redio husikia sana. Ncha yake ikielekea kule sauti inakotoka, redio husikia kidogo au husahau kabisa. Kwa hiyo shika redio mkononi, zunguka polepole, na pale kelele inapofifia piga mstari kufuata urefu wa redio. Kelele iko juu ya mstari huo, ama mbele yako ama nyuma yako. Kisha nenda mahali pengine upige mstari wa pili. Mistari inapokatana, ndipo penye shauri.

Tena kuna hila nyingine. Nyaya za umeme huchukua kelele na kuitembeza mtaa mzima, hata ukasimama chini ya kila nguzo ukadhani ni hapo. Lakini kelele ya juu ya masafa huchoka mapema kuliko ya chini. Kwa hiyo unapokaribia, panda kutoka 600 kwenda 1000, hata 1500 na zaidi. Pale inaponguruma mpaka juu kabisa, hapo umekaribia.

Tukafanya hivyo. Na hapa, ndugu, ndipo tulipokaribia kukosa mara ya pili. Tulipopita mbele ya chumba cha fundi, redio ikakwaruza! Mmoja wetu akasema, "Tumemshika." Tukabisha hodi, naye akatufungua bila ya neno. Ilikuwa adapta moja mezani kwake. Tungetaka, tungemaliza kazi pale pale, na mtaa mzima ungetupigia makofi. Lakini tulirudi nyuma hatua nne, na mkwaruzo ule ukapotea. Tena haukuwa mvumo ule mzito wa nyuki. Hata hivyo daftari lilikwisha kusema ya kwamba fundi alikuwa Morogoro usiku wa nne, na chumba kilikuwa kimefungwa na umeme wake umezimwa. Kila adapta ya kisasa hutoa kelele kidogo. Swali halikuwa nani anatoa kelele. Swali lilikuwa ni nani anatoa kelele ile.

Basi tukatoka. Tukapiga mstari wa kwanza tukisimama upande wa Mtaa wa Sikukuu, na wa pili upande wa Mtaa wa Narung'ombe. Tuliichora mistari hiyo katika ukurasa wa mwisho wa daftari. Tukaitazama, tukatazamana, hakuna aliyesema. Mistari ilikatana juu ya ofisi ya tawi letu.

Mwakumbuka zile taa za mkanda tulizozipigilia kuzunguka ubao wa ofisi ili bendera ionekane usiku. Tulizinunua sisi wenyewe kwa bei rahisi, tukaziunganisha na swichi inayojiwasha giza likiingia na kujizima kukicha. Kwa kuwa usiku ofisi imefungwa, hakuna aliyewahi kusimama pale na redio. Tukafungua mlango, tukachomoa waya. Ng'ambo ya njia mzee akapaza sauti, "Imenyamaza!" Tukachomeka, ikarudi. Tulifanya hivyo mara tatu, maana mara moja huweza kuwa bahati.

Sababu yake ni hii. Adapta ya taa hizo haiupunguzi umeme kwa utulivu. Huukata na kuuachia maelfu kwa maelfu ya mara katika sekunde moja. Adapta nzuri huwa na vichujio ndani, yaani koili na kapasita, vinavyozuia mkwaruzo huo usitoke nje. Adapta rahisi huachwa bila ya vichujio ili bei ishuke. Basi mkwaruzo hutoka, huingia katika nyaya za mtaa, na nyaya hizo zikawa erio ndefu. Masafa ya AM hubeba sauti kwa kupandisha na kushusha nguvu ya wimbi, na kila cheche nayo hupandisha na kushusha nguvu. Redio haina namna ya kumtenga msemaji na cheche. Motokaa ya zamani, mota ya cherehani, taa ya mrija inayokufa, waya uliolegea juu ya nguzo, vyote huweza kufanya hivyo. Hapa kwetu pwani chumvi na vumbi hukaa juu ya vikombe vya nguzo, na umeme ukatambaa juu yake ukitoa cheche.

Makosa yetu si ya mtaa wetu peke yake. Mwaka 1976 wasikilizaji wa masafa mafupi duniani kote walianza kusikia mgongo kama wa ndege gogota atobowaye mti, mara kumi kila sekunde. Wako waliosema ni mashine ya kuharibu akili za watu. Lakini wengine wenye subira, katika nchi mbalimbali, walipima upande unakotoka, na mistari yao ikaelekea Muungano wa Kisovieti. Baadaye ikajulikana kuwa ni rada kubwa ya kutazama makombora, karibu na Chernobyl huko Ukraine. Ilinyamaza mwaka 1989. Waliotunga hadithi hawakuipata. Waliopima ndio walioipata.

Usiku ule ule tulikwenda kwa fundi. Tulimwambia yote, na tukamwomba radhi mbele ya mkewe na mwanawe. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Ndugu zangu, mngeniuliza siku ya kwanza ningewasaidia kutafuta. Hiyo ndiyo kazi yangu." Kesho yake alikuja ofisini na adapta yenye vichujio, akauzungusha waya wa taa mara saba katika pete ya feraiti, nasi tukasikiliza. Taa zinawaka, bendera yaonekana, na redio ya mzee ni safi. Alikataa malipo. Tulimlipa hata hivyo.

Sasa, ndugu, twawaambieni yatakiwayo. Yeyote atakayesikia kelele katika redio yake aanze na nyumba yake mwenyewe, betri ndani na meni swichi chini. Asipande nguzo wala asifungue kisanduku cha umeme. Kama njia zote zaishia kwenye nguzo, apeleke habari kwa wenye umeme. Kama ni mtu anayetangaza bila ya ruhusa, iko Mamlaka ya Mawasiliano, iliyoundwa mwaka 2003, na kazi hiyo ni yake. Redio ya mzee na daftari letu vitakaa ofisini kila Jumamosi jioni kwa kijana anayetaka kujifunza, na fundi amekubali kufundisha.

Lakini iko kazi kubwa kuliko hiyo, na haimalizwi na pete ya feraiti. Kelele ya taa tuliizima kwa kuchomoa waya mmoja. Kelele ya midomo yetu bado yatembea. Wateja wa fundi hawajarudi wote. Mtoto wake bado aitwa jina lile. Notisi ya mwenye nyumba haijafutwa, na mwezi unakwisha Ijumaa.

Kwa hiyo twawaomba kila mmoja wenu akumbuke ni nani aliyemwambia neno lile, amwendee huyo huyo, na amwambie ya kwamba kelele ilitoka katika ofisi ya tawi. Semeni hivyo hivyo, msiseme "ilitoka mahali fulani". Sisi kesho saa kumi jioni tutakwenda kwa mwenye nyumba pamoja na mzee na redio yake, tumweleze mambo yalivyokuwa, na tumwombe aichane notisi ile. Tutachukua na daftari. Anayependa kuongozana nasi atukute mbele ya ofisi, chini ya taa.